Mvinyo wa Uhispania wafika Wote, embe la Makueni labaki chini ya mti

Kipupwe kikiingia huku kwetu Pwani, pepo za kusi hutupunguzia joto na maisha yakaendelea. Bara mambo ni mengine. Mwezi wa Julai, milima ya Mbooni na Kilungu kule Makueni hukaa chini ya ukungu hadi saa nne asubuhi, na mjini Kitui watu hutembea na makoti kutwa. Ni msimu ambao wauza vileo hupanga upya rafu zao. Bia baridi hurudi nyuma, na mvinyo mwekundu husogezwa mbele. Katika miji ya Wote, Emali na Kitui, chupa hizo za Ulaya zimeanza kuwa kitu cha kawaida kando ya zile za Afrika Kusini ambazo ndizo zilizotawala rafu za Kenya kwa miaka mingi.

Wasomaji wengi wa ukurasa huu hawanywi, na makala haya hayamwombi mtu anywe. Lakini kila chupa ya namna hiyo hushuka katika bandari ya Mombasa, hupandishwa lori au reli, hupita Mtito Andei, Kibwezi na Emali ikielekea Nairobi, kisha hurudishwa njia ile ile hadi Wote. Njiani hupishana na malori ya maembe yanayoteremka kuja Kongowea. Katika kupishana huko kuna hesabu ambayo Wapwani na Wakamba tunailipa pamoja, anayekunywa na asiyekunywa.

Kwanza, kwa nini mvinyo wa Ulaya unatufikia kwa wingi wakati huu? Wazungu wenyewe wamepunguza kunywa. Shirika la Kimataifa la Mizabibu na Mvinyo lilisema kwamba mwaka 2024 dunia ilikunywa kiasi cha chini kabisa tangu 1961. Mwaka 2023 Ufaransa, ikisaidiwa na Umoja wa Ulaya, ilitenga yuro milioni 200 kununua mvinyo uliokosa soko na kuugeuza spiriti ya kutengenezea dawa za kuua viini na manukato. Mwaka uliofuata ikatenga yuro milioni 120 kuwalipa wakulima wang'oe mizabibu. Halafu mwaka 2025 Marekani, mnunuzi wao mkubwa, ikaweka ushuru wa asilimia 15 kwa bidhaa nyingi za Ulaya, mvinyo ukiwemo. Mwenye shehena iliyokosa mlango mmoja hubisha mwingine.

Wapo wanaosema mlango huo tumeufungua sisi wenyewe kwa Mkataba wa Ushirikiano wa Kiuchumi kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya, uliotiwa saini Nairobi tarehe 18 Desemba 2023 na kuanza kutumika 1 Julai 2024. Hapo wanakosea. Mvinyo na pombe kali zimo katika orodha ya bidhaa ambazo Kenya ilikataa kuziondolea ushuru wa forodha. Chupa ya Uhispania inalipa forodha leo kama ilivyokuwa ikilipa zamani, kisha inalipa ushuru wa bidhaa, kisha VAT ya asilimia 16 juu ya yote hayo. Ikiwa bado inauzwa kwa bei ambayo mwalimu au karani wa kaunti anaweza kuimudu mara moja kwa mwezi, sababu ni kwamba kule ilikotoka ilikuwa karibu na bure. Mvinyo wa kawaida wa eneo la La Mancha, unaouzwa kwa wingi kwenye matangi, hugharimu chini ya yuro moja kwa lita. Tukihesabu yuro kwa shilingi 150, mvinyo uliomo ndani ya chupa moja haufiki shilingi 115.

Kwa mnywaji anayetafuta cha bei nafuu msimu wa baridi, maelezo ni mafupi. Mvinyo mwekundu wa zabibu aina ya garnacha kutoka Aragón, tempranillo wa La Mancha au Valdepeñas, Montepulciano d'Abruzzo wa Italia, mwekundu wa Alentejo nchini Ureno na Côtes du Rhône wa Ufaransa ndizo zinazotoa thamani ya pesa. Ni mizito kiasi, haidai kuwekwa kwenye barafu, na inaendana na mbuzi wa kuchoma wa Kitui kuliko mvinyo mtamu wa rangi ya waridi uliozoeleka. Bordeaux ya bei ya chini ni afadhali kuiacha, kwa sababu hapo unalipia jina. Stempu ya ushuru iliyo kifunikoni ikaguliwe kwa programu ya KRA iitwayo Soma Label, maana chupa tupu za kigeni zina soko lake, na hazinunuliwi kwa ajili ya kuhifadhi maua.

Jambo moja la pembeni. Wajerumani na majirani zao, baridi ikikaza, huuchemsha mvinyo huo mwekundu wa bei rahisi pamoja na ganda la chungwa, mdalasini na karafuu. Karafuu hiyo huenda ikawa imetoka Pemba. Na neno lenyewe mvinyo tumelipata kwa Wareno, watu waliotujengea Ngome ya Yesu mwaka 1593 na kutuachia msamiati zaidi ya walivyotuachia mema. Kwa hiyo biashara hii si ngeni kwetu. Kilicho kigeni ni kwamba tumekuwa wa kununua tu.

Turudi Ukambani. Kuna sababu ya kuchukua kaunti hizi mbili na kuacha nyingine. Mwezi Mei 2014, makumi ya watu walikufa Embu, Kitui, Makueni, Kiambu na Murang'a katika siku chache baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Wengine walitoka hospitalini wakiwa vipofu. Miaka tisa kabla ya hapo, Juni 2005, karibu watu 50 walikuwa wamekufa kwa namna hiyo hiyo Machakos. Februari 2024 ikawa zamu ya Kirinyaga, watu 17. Kila mara serikali ilitangaza msako, ikamwaga mapipa mbele ya kamera, ikafunga baa, kisha mambo yakatulia hadi msiba uliofuata.

Methanoli haitokei kwa wingi katika pombe iliyochachushwa tu, iwe kaluvu cha Wakamba, mnazi wa Kilifi au mvinyo wa Uhispania. Hamira hula sukari ikatoa ethanoli, na ikifika asilimia 14 au 15 hamira yenyewe hufa. Kinachoua ni methanoli ya viwandani, ile ya kuyeyushia rangi na kuchanganyia kemikali, ambayo mfanyabiashara mwenye tamaa huimimina ndani ya pombe ili iwe kali kwa gharama ndogo. Mwilini hugeuka kuwa asidi inayoharibu mshipa wa jicho kabla ya kumaliza kazi yake. Anayeuza sumu hii hamlengi mwenye kuweza kununua chupa ya shilingi elfu moja. Humlenga kibarua anayetaka kilevi kikubwa kwa pesa kidogo.

Sasa tuangalie ni nani aliyeifanya pombe kali kuwa ndiyo rahisi.

Tangu 27 Desemba 2024, baada ya Bunge kupitisha marekebisho ya sheria za kodi, Kenya hutoza ushuru wa bidhaa kwa kupima kiasi cha kilevi halisi kilichomo. Hilo ni wazo zuri. Zamani mvinyo ulilipa shilingi 243.43 kwa lita bila kujali nguvu yake. Lakini viwango vilivyowekwa vinashangaza. Bia na mvinyo hulipa shilingi 22.50 kwa kila sentilita ya kilevi. Pombe kali, yaani vodka, jini, brandi na jamaa zao, hulipa shilingi 10.

Fanya hesabu. Chupa ya mvinyo ya mililita 750 yenye asilimia 12 ina sentilita 9 za kilevi, na ushuru wake ni shilingi 202.50. Chupa ndogo ya robo ya pombe kali, mililita 250 yenye asilimia 40, ina sentilita 10. Ushuru wake ni shilingi 100. Kilevi kimezidi, ushuru umepungua kwa zaidi ya nusu. Na kwa ile chupa ya mvinyo wa La Mancha, ushuru huu mmoja tu, kabla ya forodha na VAT, unakaribia mara mbili ya thamani ya kilichomo ndani.

Watetezi wa viwango hivi wana hoja yao, na si ya kupuuzwa. Wanasema pombe kali halali ikipandishwa bei, wanywaji maskini watakimbilia haramu, na tumeona haramu inavyoua. Ni kweli kwamba bei ikiruka ghafla watu huhama. Lakini hoja hiyo inapaswa kuzifaa bia na mvinyo pia. Ikiwa lengo ni kumtoa mtu kwenye kilevi hatari na kumpeleka kwenye kilicho laini, kwa nini kilicho laini ndicho kilichobebeshwa mzigo mara mbili na robo? Kibarua wa Kibwezi aliye na shilingi mia mbili hamsini hana haja ya kuelezwa sera. Anaisoma kwenye rafu, na rafu inamwambia achukue robo.

Hapa ndipo embe linapoingia.

Makueni ni kati ya kaunti zinazoongoza Kenya kwa maembe, na sehemu kubwa ya mazao yake ni ya aina ya apple, mbegu ambayo asili yake ni huku kwetu Malindi. Mavuno huanza Desemba na kufikia kilele Januari na Februari. Wakati huo embe halina bei. Mabroka hufika na malori, hupanga wao wenyewe ni matunda mangapi yanayofaa kwa shilingi ngapi, na yaliyobaki huanguka na kuoza chini ya mti, yakizalisha nzi wa matunda wa msimu ujao. Nzi huyo ndiye aliyetufungia soko la Ulaya. Mwaka 2014 Kenya iliacha yenyewe kupeleka maembe katika nchi za Umoja wa Ulaya kabla ya kufukuzwa, na ni hadi 2021 ndipo njia ilipofunguliwa tena, baada ya kazi ya miaka ya kupunguza nzi katika maeneo ya Makueni. Mkataba wa 2024 unaruhusu embe letu kuingia Ulaya bila ushuru wowote. Nzi hasomi mikataba.

Serikali ya kaunti, enzi za Gavana Kivutha Kibwana, ilijenga kiwanda cha matunda Kalamba kilichoanza kazi mwaka 2017. Husaga embe kuwa rojo na kulihifadhi kwa ajili ya watengenezaji wa sharubati. Ni hatua kubwa na wakulima wanaisifu, ingawa kiwanda kimoja hakiwezi kumeza embe la kaunti nzima katika wiki nane. Rojo hilo hilo, ukilitia maji, sukari na hamira, baada ya wiki chache ni mvinyo. Hakuna siri hapo. Kenya Wine Agencies, kampuni iliyoanzishwa 1969 ikiwa ya serikali, iliwahi kuuza mvinyo wa papai kwa miaka mingi. Kitui nayo ina asali inayojulikana nchi nzima, na wazee wa Kikamba walikuwa wakitengeneza pombe ya asali na tunda la mwatini kabla ya chupa ya kwanza ya Bordeaux kuonekana bara. Ilikuwa ya wazee, ya mahari na ya kutambikia. Kijana aliyekutwa nayo alikuwa na maelezo ya kutoa.

Je, ni nini kinachomzuia kijana wa Wote au kikundi cha akina mama wa Mwingi? Vibali ni vingi: leseni ya KRA, alama ya ubora ya KEBS, leseni ya kaunti, stempu za ushuru. Hivyo vinavumilika, na kwa pombe ni haki viwepo. Kinachoua wazo ni kwamba sheria ya ushuru wa bidhaa huweka kapu moja mvinyo wa zabibu na vinywaji vyote vilivyochachushwa kutokana na matunda. Mvinyo wa embe la Kalamba, uliotengenezwa kwa lita mia tatu ndani ya chumba kimoja, unalipa shilingi 22.50 kwa sentilita, sawasawa na kampuni ya Ulaya inayojaza chupa laki moja kwa siku na kufadhiliwa na serikali yake hata inapozidisha. Mkamba atanunua chupa tupu, kizibo na hamira kutoka nje, na bei yake ikifika sokoni itakuwa juu ya ile ya Mhispania. Forodha iliyowekwa kumlinda inaliwa na uchanga wake.

Majirani wameliona hili. Tanzania, yenye mizabibu yake ya Dodoma, hutoza ushuru mdogo sana kwa mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake zimelimwa nchini, na hutoza mara nyingi zaidi ya hapo ule wa kigeni. Uganda nayo hutenganisha mvinyo wa malighafi ya ndani na ule wa nje. Matokeo yake, mvinyo wa Dodoma umekuwa kitu halisi, wenye mabaya na mazuri yake, na mkulima wa Hombolo ana mahali pa kupeleka zabibu.

Na Kenya haihitaji kwenda Dodoma kujifunza, kwa sababu tayari hufanya hivyo kwa bia. Senator Keg ilianza mwaka 2004 kwa msamaha wa ushuru ili iuzwe rahisi na kumtoa mwananchi kwenye chang'aa. Leo bia ya keg inayotengenezwa kwa mtama, wimbi au muhogo wa hapa nchini hupata msamaha wa hadi asilimia 80, na mtama huo unalimwa Kitui, Makueni na Tharaka-Nithi. Oktoba 2013 serikali ilirudisha nusu ya ushuru. Mauzo yakaporomoka, wakulima wa mtama wakabaki na magunia nyumbani. Miezi saba baadaye ikaja ile Mei ya vifo. Si ushahidi kwamba moja lilizaa lingine, maana vifo vya methanoli vilikuwako kabla. Ila aliyekuwa waziri wakati huo angepaswa kulala macho, na msamaha baadaye ukapandishwa tena.

Basi kama mtama umestahili, embe limekosa nini? Ukimya wa kampuni kubwa ndio jibu la karibu. Mtama una kiwanda kikubwa cha bia cha kuusemea Nairobi. Embe lina wakulima walio kila mmoja na miti yake arobaini, na magavana wawili, Mutula Kilonzo Junior wa Makueni na Julius Malombe wa Kitui, ambao Katiba imewapa utoaji wa leseni za vileo lakini imeubakiza ushuru wa bidhaa mikononi mwa serikali kuu. Wanaweza kumruhusu mtu kuuza. Hawawezi kumpunguzia hata senti.

Kuna wanaoona mjadala huu wote ni wa kupotosha, na wengi wao ni wasomaji wetu. Watasema nchi imeshalewa vya kutosha. Kwamba katika utafiti wa NACADA wa 2022 eneo letu la Pwani liliwekwa la pili kwa unywaji baada ya Magharibi. Kwamba kuongeza mvinyo wa embe ni kuongeza mlango wa maangamizi. Hofu hiyo ina mashiko, na nisingependa kuuona mvinyo huo ukitangazwa kwa watoto wa shule kwa picha za matunda. Lakini pombe inayouzwa kwa wingi zaidi kwa maskini leo ni ile robo ya shilingi 100 ya ushuru, na yule anayeipinga pombe kwa dini yake au kwa uzoefu wa nyumbani kwake ana kila sababu ya kuuliza ni kwa nini serikali inaipendelea. Swali hilo halidai mtu awe mnywaji.

Serikali yenyewe imechukua njia nyingine. Sera iliyozinduliwa Julai 2025 na Waziri Kipchumba Murkomen inapendekeza umri wa kunywa upande kutoka miaka 18 hadi 21, na pombe isiuzwe madukani makubwa, mitandaoni, wala kwenye fuo za umma. Wenye hoteli za Diani na Nyali walisikia neno fuo wakashtuka, hadi ikaelezwa kwamba sera si sheria. Humo mna mengi ya kuzuia mahali na saa. Kuhusu ile tofauti ya 22.50 na 10, sera haikubadilisha chochote, wala haikuweza. Hilo hubadilishwa na Bunge kupitia sheria za kodi.

Mgema wa Kilifi anapaswa kulifuatilia jambo hili kwa karibu. Mnazi wake huchacha ukaharibika ndani ya siku mbili, hauwekwi stempu, na kwa hiyo kila msako unaoanzia Kirinyaga humfikia yeye juu ya mti Rabai. Siku ambayo kinywaji cha kuchachusha cha Makueni kitapata nafasi katika sheria kwa jina lake na kwa kiwango chake, mnazi uliotiwa chupa utakuwa na mahali pa kushika. Wabunge wa Ukambani na wa Pwani wakikaa upande mmoja katika kamati ya fedha ni kundi la kutosha kusikika, na sijawahi kuwaona wakikaa hivyo kwa jambo la mkulima.

Mswada wa Fedha huletwa Bungeni kila mwaka ifikapo mwisho wa Aprili, na maoni ya wananchi hupokelewa Mei. Wakati huo embe la Makueni limekwisha sokoni, mabroka wamekwenda zao, na kwenye rafu za Wote wanaanza kupanga mvinyo wa msimu wa baridi.